Simba wa Kopo la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeula! Kopo jeusi analochotea maji mama mkwe, Bi Rosalia, ni fedha tupu ya Kiingereza! Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Lindi, akapewa kama zawadi. Leo nimeligeuza. Chini kuna mihuri: simba anatembea, na herufi mbili. Sadick, jirani yangu fundi simu, kapekua mtandaoni. Eti herufi ni za sonara wa London, miaka mia mbili na zaidi. Mjuaji yule! Nauza, naezeka bati kabla ya mvua. Mke wangu Apolonia kachoka kulala na beseni kitandani.

Jumanne, 7 Oktoba
Mkwe haombwi kitu uso kwa uso. Nimemtuma Apolonia na kopo jipya la plastiki, lina maua. Mama kafurahi, katoa la zamani, kasema lilikuwa linamchosha mkono. Nimeona aibu. Kidogo.

Leonard, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Lindi, anakuja Alhamisi. Kaniambia kwenye simu nisiliguse. Kwani nitaliiba?

Jumatano, 8 Oktoba
Mgeni aonyeshwe chombo cheusi? Hapa Kikole? Watasema nimeoa mvivu! Nimesugua kwa mchanga na majivu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Chini nimekazania zaidi. Naona mpaka meno yangu! Sadick kapita, katoa macho. Roho inamuuma.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leonard kaligeuza, kauliza simba yuko wapi. Nikasema juzi alikuwepo. Kakaa chini, kashika kichwa. Kumbe mihuri ndiyo ushahidi wa fundi! Bila hiyo anatoa bei ya bati mbili. Nataka thelathini. Nimekataa kwa hasira.

Sadick kacheka mpaka kaegemea ukuta wangu, udongo ukabomoka. Apolonia hakucheka. Katazama paa, kisha kanitazama mimi. Bora angenitukana.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mungu mkubwa! Mama mkwe kanihurumia, kaniletea pacha wa lile kopo. Alikuwa anawekea mbegu za mbaazi. Jeusi tii, simba mzima, herufi zote! Leonard anarudi Jumapili. Kanisihi sana nisilisugue kwa mchanga. Nimemwapia, na nitatimiza. Mchanga unakwaruza, sasa nimeelewa.

Nimeazima msasa laini kwa seremala.