Wiki ya Lazima na Mikanda Saba

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya kabla sijavua koti. Mkuu wa kituo ametangaza kwamba Ijumaa saa nne atapita kuhesabu vichwa. Darasa lisilofikisha wanafunzi kumi na wawili halitakaa chumba kikubwa. Chumba kikubwa ni changu! Madirisha manne, feni, ubao usio na ufa. Mwaka wa sita huu nafundisha humo watu wazima Kiingereza. Wanafunzi ninao saba.

Anayekimezea mate chumba changu ni mwalimu wa ushonaji, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ana wanafunzi kumi na wanne na cherehani saba, wamebanana hadi magoti yanagongana. Akikipata yeye, mimi nahamia stoo, kwenye ndoo na mafagio.

Lakini sina wasiwasi. Mada ya wiki hii ni maneno ya Kiingereza ya kumlazimisha mtu, na maneno hayo yana ngazi, kutoka laini hadi magumu. Nitayafundisha na papo hapo niyatumie, mpaka kila mmoja aniletee mwenzake. Sijui kwa nini hapa kituoni hakuna anayeniita mjanja.

Leo tumeanza na urge. Unamhimiza mtu kwa maneno, lakini anayeamua ni yeye. Nimewahimiza dakika arobaini. Wameamua kwenda nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna aliyekuja na mwenzake. Nimepanda ngazi: must na have to, yote mawili ni "lazima". Nikaeleza kwamba must mara nyingi hutoka moyoni mwa msemaji mwenyewe, na have to hutoka nje, kwenye kanuni au kwa mkubwa wa mtu. Fundi bomba, anayekaa mbele na mfuko wake wa spana, akaelewa kupita nilivyotaka. Alisema akila kwake ni must, akila ukweni ni have to. Darasa likaangua kicheko. Hata washonaji ng'ambo ya ukuta walicheka, jambo ambalo halikunifurahisha.

Nikauliza, na darasa langu je, ni lipi kati ya hayo? Bibi Muuguzi, mstaafu anayejifunza ili aongee na wajukuu zake walio mbali, akasema kwa upole wake wote kwamba darasa ni have to, ila feni ni must.

Mchana nikajaribu oblige. Hapo wema ndio unaomfunga mtu, anaona haya kukataa. Nikagawa pakiti nzima ya peremende. Fundi bomba alikula tisa. Nikamuuliza kama haoni haya kuja peke yake kesho. Akasema anaona kiu.

Jumatano, 5 Machi

Upole basi. Leo coerce, kulazimisha kwa vitisho. Nilitangaza kwamba atakayekuja kesho peke yake ataandika neno hilo mara mia moja. Baada ya mapumziko wanafunzi wawili hawakurudi. Nikachungulia kwa jirani. Wamekaa kule, mmoja anampima mwenzake mabega kwa futi kamba!

Nimebaki na watano. Bibi Muuguzi akanivuta pembeni. Alisema wodini mgonjwa akikataa dawa, yeye alikuwa akivuta kiti na kumuuliza habari za mbuzi wake, mpaka mgonjwa mwenyewe anaomba maji ya kumezea. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba kiti na mbuzi havimo kwenye ngazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Compel. Hali ndiyo inayomsukuma mtu, akitazama huku na huku hana njia nyingine. Safi kabisa, hakuna kelele.

Washonaji walipokwenda kula, niliingia kwao na kuchomoa mikanda ya cherehani. Yote saba. Nimeificha kwenye boksi la chaki, juu nikamwaga vumbi la chaki. Bila mkanda cherehani haizunguki. Bila cherehani wataketi bure. Wakiketi bure watasikia sauti yangu tamu kupitia ukutani na kuja wenyewe. Sijamgusa mtu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu mlango uligongwa. Mwalimu wa ushonaji, na jeshi lake lote nyuma. Aliomba wakae kwangu kidogo. Nilifungua mlango wote. Kumi na sita, pamoja na wale wasaliti wawili! Na watano wangu, ishirini na moja. Karibu nicheze.

Mkuu akaingia, akahesabu, akatabasamu. Kisha akauliza wanajifunza nini. Fundi bomba akainua shati lake, ambalo tangu mwaka jana lilifungwa kwa waya, sasa lina kifungo. Bibi Muuguzi alikuwa anapinda pindo la kanga. Kumbe mikanda ilipopotea mwalimu wao aliamua kuwafundisha kushona kwa mkono, na kushona kwa mkono kunataka mwanga, na mwanga uko kwangu. Chumba kizima, asiye na sindano ni mimi tu.

Nikasema haraka kwamba hicho ni Kiingereza cha vitendo. Mkuu akasema vizuri, basi niandike ubaoni neno moja walilojifunza. Akanisogezea boksi la chaki. Akalifungua mwenyewe.

Mkanda wa kwanza ukatoka. Wa pili ukafuata. Akaendelea kuvuta mpaka wa saba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwalimu wa ushonaji hakunigombeza. Alicheka hadi akatafuta pa kukaa, kisha akasema mikanda ile ilikuwa imelegea hata hivyo. Afadhali angenitukana.

Mkuu ameamua chumba kikubwa ni cha ushonaji. Cherehani nahamisha mimi. Nikiwa na ya nne mgongoni, Fundi bomba aliuliza hii ni must au have to. Nikamwambia ni force, nguvu tupu.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo. Nafundisha nimekaa juu ya ndoo. Watu watano, na ufagio uliomwangukia Bibi Muuguzi mara mbili.

Mchana mwalimu wa ushonaji alikuja na kiti chake, akaketi, akaniuliza hali ya mgongo. Kisha akasema wanafunzi wake wamependa yale maneno waliyoyasikia ukutani. Kama sitajali, niwafundishe saa moja kila asubuhi pamoja na wangu, kule kule chumba kikubwa. Watu ishirini na mmoja. Na feni.

Nikamjibu nitafikiria. Nikaribishwe chumbani kwangu mwenyewe? Mtu ana heshima yake.

Isitoshe, nyuma ya mafagio nimegundua kitu ambacho nadhani hapa kituoni hakuna anayekikumbuka. Swichi kuu ya umeme ya jengo zima. Kesho saa sita, joto likipamba moto, feni yao itasimama. Watatoka wenyewe. Sitamgusa mtu.