Papai la Mwalimu Gershom

Ijumaa, 29 Agosti 1947. Magongo.

Nimewaficha watu wote wa nyumba hii: papai lililo chini ya kitanda changu halikuota mtini. Nimelifinyanga mwenyewe. Kifua kinakoroma, siku zangu zimekwisha, sitaki kufa na siri.

Maisha yangu yote nimechora vipicha vya ukubwa wa kiganja. Hakuna aliyevisifu. Juzi nikakuta mkwe wangu Margret amefunikia maziwa kwa "Kivuko cha Likoni", mchoro wangu bora! Nikamuuliza. Akasema kinaenea vizuri, baba. Kinaenea! Basi sichori tena. Kabla sijafa, mtu mmoja atazame kazi ya mikono yangu aseme: ajabu!

Jumapili, 31 Agosti.

Sikukuu ya mavuno. Nilibebwa kwa kiti hadi kanisani, papai mapajani. Udongo, chokaa, rangi, kikonyo cha kweli, utomvu kidogo kwa harufu. Watu wakashika midomo. Ajabu! Wakauliza limetoka wapi. Nikasema kwenye mpapai wetu wa nyuma ya jiko. Nilisahau kwamba mpapai ule ni dume, hauzai; wakaona ni muujiza. Vigelegele! Mchungaji Phineas akaliinua, akamshukuru Muumba kwa ufundi wake. Ufundi wa nani? Nikakohoa kwa hasira. Wakanipa maji.

Kwenye mnada likanunuliwa na jirani yangu Kaviha, ambaye kila mwaka mapapai yake ndiyo husifiwa. Anataka mbegu.

Jumatano, 3 Septemba.

Kaviha amelivumbika kwenye majivu. Kaja kuniuliza: shikamoo mwalimu, mbona haliivi? Nikamwambia asilibonyeze-bonyeze.

Jumamosi, 6 Septemba.

Kisu cha Kaviha kimevunjika! Nikavaa shati safi, nikangoja aje anitukane. Hata matusi ni sifa. Hakuja. Kaenda kwa mchungaji analia: Mungu kaligeuza papai kuwa udongo kwa sababu ya wivu wake yeye Kaviha.

Jumapili, 7 Septemba.

Mahubiri yote yalikuwa ya papai. Kaviha ametubu mbele ya kanisa. Nikamwita Phineas, nikaungama: ni mimi, kwa mikono hii! Akanishika paji la uso, akamwambia Margret homa imepanda. Kisha akaniombea nisamehewe kujifananisha na Muumba.

Nimeagiza udongo mwingine. Safari hii fenesi, na vipele vyake vyote.

Na kwa kuwa nakufa, niseme kweli: uongo hauniumi hata kidogo. Kinachoniuma ni Mungu kusifiwa kwa papai langu, ilhali anayo yake.