Siku Mama Pindo Alipoutua Mkasi

Sogeeni, mlioketi na mliosimama, tegeni hata masikio yenye nta, maana habari hii ni nzito, nayo ilitikisa chumba kizima chenye cherehani mbili, kioo kirefu na feni isiyozunguka.

Humo alitawala Mama Pindo, bingwa wa sindano, mtiisha vitambaa vitelezavyo, ambaye hariri ilipomwona ilijinyoosha yenyewe. Mbele ya kioo alisimama wifi yake, dada wa mumewe, mwenye mabega ya kifalme, akijaribu gauni la harusi ya bintiye. Akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha, mbele ya mteja mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, akatamka:

"Mgongoni linavuta. Lakini si kitu, wifi, kwako nimeshazoea."

Nimeshazoea! Neno likapenya kama mkuki. Papo hapo Ghadhabu, jemadari wa majeshi yasiyolala, akaondoka nyayoni mwa Mama Pindo, akavuka magoti, akaliteka tumbo bila upinzani, akapiga kambi shingoni. Masikio yakawaka moto. Mkono wa kuume, pasipo kutumwa, ukaushika mkasi mkubwa.

Na hatari ilikuwa ya kweli. Mara ya mwisho Mama Pindo alipojibu, wifi aliondoka na gauni la mkono mmoja, na tangu masika hadi kiangazi watoto wao hawakucheza pamoja, naye mume akawa anamtembelea dada yake kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Basi shujaa akatenda lisilowahi kutendwa chumbani mle: akanyamaza. Akashusha pumzi hata vipande vya kitambaa vikapeperuka sakafuni, akamkabili jemadari ndani kwa ndani, akamuuliza ametumwa na nani. Ghadhabu akababaika. Nyuma ya ngao yake alijificha Aibu, mdogo, mnyonge, kwa kuwa mgongo kweli ulivuta na Mama Pindo alilijua hilo tangu jana. Na nyuma ya Aibu, bila hata fimbo, alisimama Njaa, kwani bingwa hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri.

Mkasi ukatua mezani.

"Wifi yangu," akanena, "hilo la kuzoea limeniuma, tena sana. Mgongo ni kosa langu, nitaufumua leo hii. Ila kwanza nile, maana nikiongea na njaa nitasema yasiyosemeka."

Wifi, aliyekuja na majibu ya kutosha vita nzima, akayaweka chini yote. Akaketi kwenye kigoda, gauni likivuta.

"Hata mimi sijala," akakiri. "Binti anaondoka, wifi, nami siku hizi nagombana na kila mtu, hadi na mapazia."

Wakagawana mkate na chai ya chupa, na mgongo ukafumuliwa kwa amani. Ijulikane basi na vizazi vyote kwamba shingo ilikombolewa siku ile pasipo tone la damu. Shahidi ni yule mteja, aliyetoka mlangoni kwa heshima, kinyumenyume, kama atokaye mbele ya malkia, na suruali akaisahau.