Jinsi Nilivyoimaliza Filamu Nisiyoiona

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Darasani tumeletewa mwanafunzi mpya, msichana mrefu mwenye miwani, akakalishwa safu ya dirishani. Nitamwita Mgeni. Akafungua kitabu cha hisabati. Ndani alikuwa ameweka picha ya kumkumbusha ukurasa. Picha ya nani? Bwana Nyusi, yule mwigizaji! Ile ya ujanani, kofia imelala upande, unyusi mmoja juu, macho yanasema mengi. Moyo ulinilipuka.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakufa: mimi hupenda filamu za zamani, zile zisizo na rangi, ambazo watu huvaa kofia hata wakiwa wanalia. Duniani nina mtu mmoja tu wa kutazama naye, Shangazi ninayeishi naye, na Shangazi ni mshonaji. Hatazami filamu. Anatazama mikono ya magauni. Penzi linavunjika, mtu anaaga anakwenda vitani, Shangazi anasimamisha picha ahesabu marinda. Nahitaji mtu wa kulia naye.

Kumsemesha Mgeni siwezi. Mbele ya mtu mpya ulimi wangu hukauka kama sabuni iliyosahauliwa juani. Kwa hiyo mpango: kumpa ishara ambayo mpenzi wa filamu za zamani peke yake ataitambua. Nikamgeukia, nikainua unyusi mmoja kama Bwana Nyusi.

Nimegundua kwamba nyusi zangu haziinuki moja moja. Huinuka zote mbili, na mdomo unafuata.

Mgeni akaniuliza kwa upole kama nimeingiwa na mdudu jichoni. Kiranja wa darasa, anayekaa nyuma yangu na kujua kila kitu, akamwambia si mdudu, ndivyo nilivyo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa pili. Maktaba ya shule ina kitabu cha picha za nyota wa zamani. Kadi yake ina jina moja tu, limeandikwa mara kumi na moja. Langu. Wakati wa mapumziko nikakiweka juu ya dawati la Mgeni, nimekifungua palipo na Malkia wa Glavu, yule mwigizaji ambaye hakuwahi kuvua glavu hata akila. Nikajificha kwenye kijistoo cha mafagio, mlango nimeuacha wazi kidogo. Mgeni angeingia, angeshangaa, angeuliza ni cha nani, nami ningetokea taratibu.

Aliyeingia ni Kiranja. Akakiona kitabu, akakichukua, kwa kuwa hawezi kuvumilia kitu kisipokuwa mahali pake. Mara Mgeni huyo. Akamuuliza kwa furaha kama ni chake. Kiranja akakitazama kitabu, akamtazama Mgeni, akajibu eti filamu za zamani ndiyo maisha yake.

Maisha yake! Wiki iliyopita alisema filamu isiyo na rangi ni televisheni mbovu!

Nikataka kutokea nikaeleze ukweli. Badala yake nikapiga chafya, fagio likaniangukia, nikabaki humohumo mpaka kengele. Jioni Shangazi aliuliza mbona nina vumbi kichwani. Nikamwambia ni mambo ya kitaaluma.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo. Ngoja niliandike polepole nilielewe.

Mapumziko, Mgeni alikuwa amesimama na Kiranja karibu na bomba la maji. Nikasogea, nikajifanya nina kiu. Nimekunywa maji mengi kuliko ngamia. Mgeni alikuwa akieleza kuhusu filamu anayoipenda kuliko zote, "Mwavuli Stesheni", ya Bwana Nyusi na Malkia wa Glavu. Alisema tatizo ni moja: kila nakala aliyowahi kuipata hukatika dakika kumi kabla ya mwisho. Ameutafuta mwisho huo miaka mitatu. Hajapata mtu aliyeuona.

Kiranja akasema yeye aliwahi kuiona kwenye televisheni, ila akapitiwa na usingizi. Mgeni akamtazama kama mtu aliyekaribia kuwa shujaa.

Hapo mtu fulani akasema: "Mimi nimeiona yote. Mpaka mwisho."

Mtu huyo alikuwa mimi!

Mgeni akanishika mkono. Sijawahi kushikwa mkono na mtu asiye ndugu wala nesi. Akauliza wapi, lini, vipi. Nikasema Shangazi alikuwa na kanda ya zamani, kamili kabisa, lakini mashine iliitafuna. (Sikujua kama ninaweza kutunga haraka hivyo. Kipaji.) Nikafungua mdomo niendelee, Mgeni akauziba kwa kiganja. Nisimwambie sasa! Niende kwao Jumamosi saa nne, niusimulie mwisho wote mbele ya bibi yake, maana bibi naye anaipenda sana.

Kiranja akasema naye atakuja. Hakualikwa. Alijialika.

Sijali. Nina rafiki! Kilichobaki ni kujua filamu inaishaje.

Alhamisi, 6 Machi

Habari mbaya. Mgeni amenieleza leo kwamba bibi yake alifanya kazi katika ukumbi wa sinema. Alikuwa mmulikaji: anawaongoza waliochelewa mpaka kwenye viti kwa tochi. "Mwavuli Stesheni" ilionyeshwa pale mara sitini na tatu. Mara zote alikuwa zamu.

Sitini na tatu! Nikakaa chini kwenye ngazi. Mgeni akadhani nimeguswa.

Nyumbani nikamuuliza Shangazi kama anaikumbuka. Akasema sana. Koti la Malkia lina vifungo sita, kimoja kimeshonwa kwa uzi tofauti. Na mwisho je? Akasema mwisho hana habari nao, labda wa koti.

Mgeni ameniazima nakala yake. Nikaitazama. Malkia amesimama stesheni, mwavuli mkononi, anaamini Bwana Nyusi hamtaki tena. Uongo mtupu, barua yake imebadilishwa na binamu mwenye wivu. Bwana Nyusi ameshajua, anakimbia barabarani bila kofia. Bila kofia, yeye! Treni inakaribia. Malkia anainua mguu. Giza.

Nimeandika miisho minne. Nimeuchagua wa nne. Ni wa huzuni sana. Nimelia mwenyewe, jambo linaloonyesha ubora.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Nimelisimulia mwisho lile sanamu la Shangazi la kupimia nguo, kwa kuwa halina kichwa, hivyo halinitazami. Shangazi alikuwa akipindia sketi. Nilipomaliza akatoa pini mdomoni akauliza jamani, abiria wengine wamekosa nini? Nikamweleza kwamba lazima wote wafe, ndiyo sanaa. Akasema sawa, lakini mkata tiketi ningemwacha, maskini ana familia.

Nimemwacha mkata tiketi.

Kisha akauliza kwa nini nisimwambie tu huyo msichana kwamba sikuiona. Shangazi ni mtu mwema lakini hajui maisha. Nikisema hivyo, Kiranja aliyesinzia anakuwa juu yangu! Na Mgeni anarudi dirishani kwake, nami nabaki na sanamu.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika hivyohivyo.

Nilifika saa nne kasoro. Kiranja alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi anakula biskuti kama mkwe. Mgeni alinikaribisha kwa mikono miwili. Kisha akaingia bibi. Amevaa koti lake la kazi la zamani, vifungo haviwezi tena kukutana. Mkononi ana tochi. Nikamwamkia. Akaiwasha, mchana kweupe, akanimulikia mpaka kwenye kiti changu.

Nikajua nimekwisha. Mwanamke huyu ameuona mwisho mara sitini na tatu, nami nimekuja kumuulia watu.

Akakaa, akazima tochi, akasema kabla sijaanza nijue jambo moja. Dakika kumi kabla ya filamu kuisha, mmulikaji hutoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Anakwenda kusimama mlangoni, afungue milango yote miwili, watu wasikanyagane. Mara sitini na tatu alimwona Malkia akiinua mguu, mara sitini na tatu akageuka akatoka. Watu aliwauliza, lakini kila mtu alikuwa anawahi kwake. Walisema tu ilikuwa nzuri, dada, ilikuwa nzuri. Kisha filamu ikaondolewa. Akasema amengoja tangu hapo.

"Haya binti," akasema. "Niambie."

Msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilisimama nikainua nyusi zote mbili nikaanza.

Nikasimulia. Bwana Nyusi anafika amechelewa sekunde moja. Malkia anateleza. Treni haisimami. Mwavuli unabingirika peke yake. Bwana Nyusi anaangukia reli. Behewa linapinduka. Mkata tiketi anapona. Nilisimulia vizuri! Kiranja aliacha kutafuna.

Bibi hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu mbali. Akauliza, na kioo?

Kioo gani?

Akasema pale mlangoni alikuwa haoni lakini anasikia. Kila siku, baada ya filimbi ya treni, kioo kilivunjika. Nikasema ah, kioo, ndiyo, dirisha la behewa. Akatikisa kichwa. Na mbwa? Baada ya kioo mbwa alibweka sana. Nikasema alikuwa mbwa wa mkata tiketi. Alikuwa na huzuni.

Bibi akafikiri. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba kuna kitu kimoja kinamtatiza. Baada ya mbwa, ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Kila siku. Wanacheka mpaka wanapiga viti.

Nikasema pengine walicheka kwa uchungu.

Kiranja akapaliwa na biskuti. Mgeni hakucheka. Alinitazama tu, kisha akatazama tochi mapajani mwa bibi yake, kisha akanitazama tena.

Alinisindikiza getini. Akaniuliza mara moja, kwa sauti ndogo, kama niliiona. Nikasema hapana. Akasema angenisamehe kama ningemdanganya yeye peke yake. Akafunga geti taratibu. Afadhali angelibamiza.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala vizuri. Lazima niombe msamaha. Swali ni vipi. Kwa barua? Ya kawaida mno. Katika filamu za zamani mwenye kosa husimama nje ya nyumba chini ya mvua, mwavuli mkononi, haufungui, mpaka waliomo ndani wanaona uchungu wake.

Mvua haikunyesha. Nikasema basi nitaufungua mwavuli, ili waelewe dhana. Nikasimama mbele ya geti lao saa tano, jua la kupasua kichwa, mwavuli wa maua wa Shangazi. Watu wawili walinipita. Mmoja aliniuliza kama nimepotea.

Bibi ndiye aliyetoka. Akauliza kama nauza miavuli. Nikaangua kilio. Nikasema yote, hata ya kijistoo cha mafagio. Nilimwomba radhi kwa sababu alikuwa amengoja miaka yote hiyo nami nimempa behewa lililopinduka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua tangu kwenye mbwa. Akasema usiku, akirudi kutoka ukumbini, alikuwa anajitungia mwisho wake njiani. Amejitungia mingi. Wangu ni mbaya kuliko yote aliyowahi kuisikia. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kumletea mwisho mpaka nyumbani kwake.

"Ingia," akasema. "Urudie. Safari hii wacheke."

Mgeni alikuwa barazani amekunja mikono. Aliweka sharti: nisidanganye tena, kwa lolote, milele. Nikaapa. Mkono mmoja juu, mwingine una mwavuli.

Tukakaa watatu. Filimbi, kioo, mbwa, kicheko. Tulipanga na kupangua kama fumbo. Mgeni alifikiria mbwa. Bibi alifikiria kioo. Mimi nilileta binamu mwenye wivu, ambaye sote tulikuwa tumemsahau. Ikawa hivi: filimbi inalia. Malkia anaghairi, anageuka ghafla, ncha ya mwavuli inavunja kioo cha ofisi ya mkuu wa stesheni. Ndani yupo binamu, amejificha na barua ya kweli, mbwa wa mkuu wa stesheni ameing'ang'ania suruali yake. Anatoka mbio, mbwa nyuma, anapita katikati ya Bwana Nyusi na Malkia bila suruali.

Bibi alicheka mpaka akapiga mkono wa kochi. Kisha akaweka kidole hewani.

"Hivyo," akasema. "Hivyo hasa ndivyo walivyokuwa wanacheka."

Mgeni alinipa biskuti ya mwisho. Nyingine zote Kiranja alikuwa amezimaliza jana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa kuliko ile nyingine! Mgeni anaanzisha chama cha filamu za zamani shuleni. Tayari tuko wanne ukimhesabu bibi, na Kiranja amejiandikisha mwenyewe, wa kwanza. Mwalimu wa muziki ametukubalia ukumbi Ijumaa ya wiki ijayo. Tutaonyesha filamu ile ya kimya ya Bwana Nyusi na ngazi. Bibi atamulika.

Filamu ya kimya inahitaji mtu wa kupiga kinanda chini ya skrini, saa nzima bila kusimama. Mgeni aliuliza kama kuna anayejua. Kiranja akasema yeye anajuajua kidogo, nyimbo mbili tatu.

Mgeni akamtazama kwa namna ile.

Nimemwambia mimi hupiga tangu utotoni.

Si uongo hasa. Utoto wangu haujaisha, kwa hiyo nina siku kumi na moja. Maktaba kuna kitabu. Nimeshakiazima. Ukurasa wa kwanza unasema vibonye vyeupe ni vya kuanzia. Vyeusi nitaviruka.