Wenye Nyota Wote Viziwi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari ametangaza: kadi za wagonjwa zinahamia kwenye kompyuta. Sawa. Msimamizi wa kazi hiyo? Mpokezi! Ana miezi minane tu hapa zahanati. Mimi ni karani wa kadi mwaka wa kumi na tisa. Naipata kadi ya mgonjwa kabla hajamaliza kukohoa. Yeye kapewa hadi kiti cha kuzunguka. Nimempongeza. Kiti sijakisifu.

Jumanne, 4 Machi
Anaingiza kadi huku anaimba. Saa tano akakwama: baadhi zina nyota nilizochora kwa kalamu nyekundu. Alama yangu ya siri. Nyota ni mgonjwa mwenye maneno mengi; namweka mwisho, foleni isonge. Akaja kuuliza kwa adabu, ananiita mzee. Nina miaka arobaini na sita! Daktari akapita, akamsifu kwa umakini. Umakini gani, wa kuuliza? Nikamwambia nyota maana yake mgonjwa hasikii vizuri. Akashukuru, akaandika.

Jumatano, 5 Machi
Raha! Kompyuta inamwonya Daktari apaze sauti, naye anapaza. Benchi zima limesikia habari za jipu la fundi cherehani, na mahali lilipoota. Wagonjwa wamenuna. Nimekunywa chai vikombe viwili. Kesho watarudi wenyewe kwangu na kadi zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe! Nilimsahau kabisa. Nyota yake ndiyo kubwa kuliko zote. Daktari kamuuliza kwa sauti ya mnadani kama amepata choo, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Akatoka, akanipita kama hanioni. Nyumbani mke wangu kauliza nani kamwandika mama yake kiziwi. Nikasema kompyuta. Akasema kompyuta haimjui mama. Nimelala sebuleni.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaniita kuhusu nyota zangu. Nilijua kazi ndiyo basi tena. Mpokezi akaniwahi kusema: "Kosa ni langu pia, Daktari, niliandika bila kuhakikisha. Naomba kazi hii tuifanye na mzee, hizi alama anazijua yeye tu." Daktari akamsifu tena, eti kwa uungwana, nami nimesimama pale pale! Mtu anakuokoa, halafu anasifiwa kwa kukuokoa. Huo si ujanja? Mpokezi kanipa na neno langu la siri la kuingilia kwenye kompyuta. Nimelipokea kwa uchungu.

Jumamosi, 8 Machi
Zamu ya nusu siku. Mimi na kompyuta, basi. Nimewafuta viziwi wote, nikianza na mama mkwe. Kisha nikakuta jina la Mpokezi; kumbe naye anatibiwa hapa, na Jumatatu ana miadi ya macho. Nimemwandika kiziwi. Kiziwi sana! Kilichonifurahisha zaidi: chini ya kila badiliko kompyuta inaweka jina la aliyelifanya. Langu! Kwa herufi kubwa, na saa juu yake. Miaka kumi na tisa, hatimaye Daktari ataona nani anafanya kazi humu.