Weusi Tisa, Weupe Watatu

Jumatano, 2 Juni 1909. Rumonge.
Mayai yote kumi na mawili yameanguliwa! Vifaranga tisa weusi. Watatu weupe. Weupe! Nami nilimwapia Mama Zena kuwa nitamletea weusi kumi na wawili wa banda langu ndipo nimpose binti yake. Weupe yeye hawataki: kwake Kigwena mwewe huwaona kwanza. Kuku wangu mweusi. Jogoo wangu mweusi. Sielewi.

Alhamisi, 3 Juni
Nimeelewa. Amuri! Jirani yangu, anamtaka Zena pia, tena ana jogoo mweupe. Nimemshitaki kwa Mama Zena. Amuri akaleta mashahidi: jogoo kanunuliwa Minago juzi tu. Nikauliza kama jogoo hawezi kufanya ubaya kabla ya kununuliwa. Mama Zena akaniambia, “Mutoto wangu, nenda ulale.” Kisha akakata shauri: atakayeleta weusi kumi na wawili kwanza ndiye mkwe. Aibu!

Jumamosi, 5 Juni
Amepita daktari wa Kijerumani anayefyekesha vichaka vya malale. Mkalimani wake ni nani? Amuri! Daktari kahesabu vifaranga, kafurahi kupita kiasi. Akauliza bibi yao alikuwa rangi gani. Mweupe, ndiye aliyewazaa jogoo na kuku wangu wote wawili, lakini tulimla Idi! Marehemu anaingiaje humu? Eti kila kuku amebeba rangi mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nyeusi huifunika nyeupe. Nyeupe mbili zikikutana, kifaranga mweupe. Eti hata njegere huwa hivyo. Njegere! Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 6 Juni
Kama nyeupe imejificha ndani, dawa ni kuitoa. Nimemlisha jogoo mkaa. Kuku nimemzungushia kaniki ya dada yangu, asione cheupe chochote. Jogoo anakohoa. Dada anataka kaniki yake.

Jumanne, 10 Agosti
Kuku kaangua tena. Wanane weusi. Weupe wanne. Wameongezeka! Tisa hawakutosha, na wanane hawatoshi! Nimelia mbele ya kuku.

Jumatano, 11 Agosti
Alhamdulillahi, akili imefunguka! Weusi huzaa weupe. Basi weupe watazaa weusi! Nimekimbia kwa Amuri, nikampa weusi wangu wote, wazazi na watoto, anipe jogoo wake mweupe na tetea wake mweupe. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Hata tenga kajifungia mwenyewe. Sasa hivi nimemwona akishika njia ya Kigwena, kavaa kanzu mpya, tenga kichwani. Namhurumia. Anakwenda kumposa Zena, wala hajui kuwa mayai yangu yako njiani.