Mkaguzi Alivyolisha Wajawazito

Katika miaka thelathini na moja ya utumishi, hakuna mtu aliyewahi kumshinda Mkaguzi kwa maneno. Nguruwe walimshinda kwa sababu hawakumsikiliza.

Alistaafu ukaguzi wa shule akiwa na suti tatu, kitambi cha heshima na mazoea ya kuingia mahali, kufunga mikono nyuma na kutikisa kichwa. Nyuma ya nyumba, mkewe alikuwa na banda la nguruwe majike sita na dume mmoja. Banda hilo ndilo lililosomesha watoto wao wote, ingawa mbele za watu Mkaguzi hupenda kuliita "mradi wetu". Mguu wake ulikuwa haujawahi kuvuka mlango wa banda hilo.

Binti yao alipojifungua mji wa mbali, mkewe alifunga safari ya wiki tano kwenda kumhudumia. Asubuhi ya kuondoka akamsimamisha mumewe mbele ya banda.

"Baba Watoto, sikiliza. Hawa wanne wana mimba. Kilo mbili kila mmoja kwa siku, basi. Watalia, waache walie. Huyu anayenyonyesha mjazie mpaka asaze. Na huyu mtamba hajazaa wala kupandwa bado. Ukimgandamiza mgongo ukaona amesimama tuli, siku hiyohiyo mpeleke kwa dume."

"Mke wangu, mimi nimekagua shule mia nne."

"Najua. Lakini hawa hawatakuandalia chai."

Basi lilikuwa halijakata kona Mkaguzi alipoanza kurekebisha mambo. Kilo mbili kwa mjamzito? Mwanamke mwenye mimba ya mtoto mmoja huambiwa ale kwa ajili ya wawili, sembuse aliyebeba kumi. Akawaongezea mara tatu. Sehemu ya nyongeza hiyo aliitoa kwenye fungu la anayenyonyesha, kwa hoja kwamba yule ameshazaa, kazi imekwisha, sasa amelala tu.

Kufikia wiki ya tatu wajawazito walikuwa wa duara. Walitembea kwa kuyumba, na wakilala hawaoni sababu ya kuinuka. Jirani yao seremala akaja kuchungulia.

"Wamenona, Mkaguzi."

"Ni utaalamu. Mke wangu ana huruma, lakini sayansi hana."

"Na yule mwenye watoto, mbona mbavu zinahesabika?"

"Yule anatunza umbo."

Seremala akatazama watoto tisa waliokuwa wanapigana juu ya chuchu zilizosinyaa, akasema amekumbuka ana kitanda cha mteja hakijapigwa msasa.

Jumanne iliyofuata, mtamba akagoma kula. Masikio yamesimama wima, anaguna, anazungukazunguka. Mkaguzi akaingia na ufagio, akamsukuma mgongoni ampishe. Hakusogea. Akasukuma kwa bega. Wapi. Mwishowe akamlalia kwa uzito wake wote, na mtamba akatulia kama nguzo ya umeme, tena kwa utulivu uliomtia Mkaguzi wasiwasi. Maagizo ya mkewe yalikuwa yamepita sikio moja na kutokea la pili, hivyo akafikia uamuzi wake mwenyewe: huyu amepooza. Akamkanda mgongo kwa maji ya moto siku tatu mfululizo.

Ijumaa mtamba alikuwa anatembea vizuri. Ndipo Mkaguzi akamwita daktari wa mifugo, aje ashuhudie tiba.

Daktari, mtu wa miraba minne, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hakuwa mgonjwa, mzee. Alikuwa anataka mume. Wewe umemkanda siku tatu, halafu ukamwacha hivihivi. Sasa msubiri wiki tatu nyingine."

Mkaguzi akahisi masikio yanapata moto. "Hilo ndilo nililotaka ulithibitishe," akasema.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameshafika kwa wajawazito. "Hawa umewalisha nini?"

"Vizuri."

"Vizuri mno. Punguza leo. Na huyu mkubwa amekaribia kuzaa. Akianza tu, nipigie."

Alianza Alhamisi asubuhi. Alisukuma saa nzima, mbili, hakuna kitu. Daktari alipofika alikunja shati, akajaribu, akautoa mkono.

"Mkono wangu mnene, hapa pamebana. Lete wako niuone." Akaugeuzageuza. "Mdogo, tena laini. Umewahi kufanya kazi hii?"

"Wala nyingine yoyote," Mkaguzi akasema, na neno likawa limeshatoka kabla hajalikagua.

Akapakwa sabuni na mafuta mpaka kiwikoni, akalala kifudifudi kwenye sakafu iliyolowa. Ndani kulikuwa na joto na giza, kisha kitu kidogo chenye ncha.

"Nimeshika pua."

"Subiri asukume, ndipo uvute. Akilegea, nawe legea."

Mtoto akatoka kimya. Daktari akamfuta mdomo, akamsugua kwa gunia, na kile kitoto kikapiga chafya. Mkaguzi, aliyekagua watoto maelfu, akajikuta anatokwa na machozi kwa sababu ya mmoja.

Kufikia adhuhuri walikuwa tisa, wawili wakiwa wamekufa. Mama alilala hoi, hana hata nguvu ya kugeuza kichwa. Mkaguzi akakaa chini kando ya wale wawili.

"Ni mimi?"

"Mafuta yameziba njia, na mama hana pumzi," daktari akasema huku akinawa. "Kwa hiyo ndiyo, mzee. Ni wewe."

Hata hivyo, Ijumaa jioni habari iliyomfikia seremala ilikuwa imenenepa kuliko nguruwe. Vifo havikuwemo, na daktari alikuwa ameshika sabuni tu.

Mkewe alirudi Jumamosi, akaenda bandani kabla ya kutua begi.

"Wako saba," Mkaguzi akaanza. "Kwa mkono huu huu..."

"Walizaliwa wangapi?"

"Tisa."

Mkewe akaenda kwa anayenyonyesha, akapitisha kiganja kwenye mbavu zake, akammiminia ndoo nzima. Kisha akarudi kwa wajawazito watatu waliobaki.

"Hawa wana miezi miwili mbele yao. Kilo mbili, na matembezi kila asubuhi. Utawatembeza wewe."

Ndivyo mkaguzi mstaafu alivyoanza kupita barabarani na fimbo, nyuma ya makalio matatu makubwa, akiitikia salamu za walimu aliowahi kuwatikisia kichwa. Nguruwe walisimama walipotaka, wakalala walipotaka. Aliyetembea kweli alikuwa yeye, akienda mbele kuwabembeleza na kurudi nyuma kuwasukuma.

Baada ya wiki tatu mkewe akaja na utepe wa kupimia. Wa kwanza: vilevile. Wa pili: vilevile. Wa tatu alikuwa ameongezeka kidogo. Akafikiri, kisha bila kuomba ruhusa akamzungushia mumewe utepe kiunoni.

"Wewe umepungua sentimita sita," akasema, akiukunja utepe. "Kesho mtoke mapema zaidi."